Barua ya wazi kwa mnaosaini makabidhiano ya mabomba ya moshi

Kwa wakurugenzi wa halmashauri na wahandisi wao, waganga wafawidhi, wakuu wa shule, washauri elekezi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, OSHA (wakala wa usalama mahali pa kazi), TBS (shirika la viwango), na yeyote anayeshika kalamu siku jengo linapokabidhiwa.

Waheshimiwa na ndugu zangu,

Salamu kwanza. Mimi ni fundi chuma. Makao yangu ni Dar es Salaam lakini kazi nafuata inakoniita: dohani za majiko ya shule, ekzosi za jenereta za hospitali na hoteli, mifereji ya kutolea moshi kwenye majiko makubwa. Nawaandikia kuhusu mstari mmoja ninaoukuta karibu katika kila BOQ, yaani orodha ya kazi na bei za zabuni, inayopita mkononi mwangu. Maneno hubadilika kidogo, ila maana ni ile ile: kuleta na kufunga bomba la moshi, kamili, pamoja na vifaa vyake vyote. Kipimo chake ni mita, na mara nyingine hata mita hazipo, kumeandikwa jumla tu.

Mzabuni anayeijua kazi akisoma mstari huo huweka ndani yake kishikio cha kubeba uzito, vishikio vya kuongoza, belosi, kola ya kupitia paa, tii ya kutolea maji, pamba ya kuzuia joto, mlango wa kusafishia. Anayeitaka kazi kwa udi na uvumba huweka bomba, silikoni, na waya wa kufungia nondo. Wote wawili wamejibu swali lile lile, na wa pili ana bei ya chini kwa mbali. Anapewa kazi yeye, na siku ya ugomvi hamna pa kumshikia, maana mlichomwomba amekileta: mita za bomba.

Ombi langu nalitaja mapema ili asiye na muda wa kusoma mpaka mwisho aondoke nalo. Vishikio viandikwe na vilipwe kama kazi inayojitegemea, si kama mengineyo. Na bomba lisisainiwe mpaka limetazamwa likiwa la moto.

Nianze na jenereta, maana ndiko nilikoona madhara kwa karibu zaidi.

Niliitwa kwenye hospitali moja, jina halina haja, mashine ikimwaga moshi ndani ya chumba chake. Jenereta ilikuwa bado mpya. Bomba lilikuwa zuri kulitazama, la kuta mbili, chuma cha pua kinachong'aa, limepanda ukutani ghorofa nne mpaka juu ya paa. Nikamulika tochi pale chini. Belosi, kile kipande cha mikunjo kinachounganisha bomba na injini, ilikuwa imebanwa mpaka mikunjo inagusana, na upande wa nyuma imepasuka. Masizi yalikuwa yametapakaa ukutani kuanzia kwenye ule mpasuko. Nikapanda ngazi kutafuta kitu kinachobeba uzito wa bomba. Sikukiona. Kulikuwa na klempu nyembamba tu, zile za kuzuia bomba lisiyumbe, zimefungwa kwa skrubu na plagi za plastiki kwenye tofali za sementi, na mbili kati yake zilikuwa zimeshang'oka zinaning'inia. Bomba zima lilikuwa limekaa juu ya belosi, na belosi juu ya tabo ya injini, ile feni inayoisukumia injini hewa.

Hesabu yake si ya chuo kikuu. Bomba la chuma la kipenyo cha milimita 200 lenye unene wa milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 15 kwa kila mita. Mita 12 ni kilo 180 hivi, hapo hujaweka sailensa wala pamba. Hili la kuta mbili bati lake ni jembamba, uzito wake si huo, lakini si mwepesi kiasi cha kukalishwa juu ya mkunjo wa bati. Belosi imetengenezwa imeze mtikisiko wa injini na mtanuko wa bomba. Haikutengenezwa kubeba kitu. Kila mtengenezaji wa injini anaandika hivyo kwenye kitabu chake, na kile kitabu nilikikuta pale pale chumbani, kwenye mfuko wake wa nailoni, hakijafunguliwa.

Uzito ni nusu ya habari. Moshi wa dizeli ukitoka kwenye injini iliyobeba mzigo kamili huwa na nyuzi 450 hadi 550 hivi za sentigredi. Chuma cha kawaida cha mita 12 kikipanda joto kwa nyuzi 400 hurefuka karibu sentimita 6. Chuma cha pua hurefuka zaidi, kama sentimita 8. Urefu huo lazima uende mahali. Kama bomba limekalia belosi, unasukuma tabo. Kama fundi mwingine, kwa kuogopa lisianguke, amelichomelea kwenye kila kishikio kuanzia chini hadi juu, unapasua viunganishi au unang'oa ukuta. Nimeyaona yote mawili, na hili la pili hufanywa na mafundi hodari wa kuchomelea, wenye nia njema kabisa.

Kanuni yenyewe inatosha kwenye kiganja. Mahali pamoja pabebe uzito wote na pasicheze. Vishikio vingine vyote vizuie bomba lisiende kushoto wala kulia, lakini viliache lipande na kushuka. Kukiwa na sehemu mbili zisizocheza kwenye mstari mmoja, katikati yake lazima kuwe na belosi. Bomba linalolala chini ya slabu lining'inizwe kwa fito zinazoweza kuyumba kidogo au likae juu ya rola, na literemkie upande ulio mbali na injini, ili maji ya mvua na ya mvuke yasirudi kwenye mashine. Pale linapoanza kupanda, chini yake kuwe na tii yenye plagi ya kutolea hayo maji. Kile kishikio kinachobeba kifungwe kwenye nguzo au boriti ya zege kwa boliti za kutanuka, si kwenye tofali kwa plagi ya plastiki. Sijaona BOQ inayotaja jambo hili la mwisho, na ndilo la kwanza kufeli.

Mkisema mambo haya mtayaacha kwa fundi, ndiyo, fundi anayejua atafanya. Lakini anayejua ndiye aliyeshindwa kwa bei.

Pale hospitalini lilikuwapo kosa jingine lililonishtua kuliko belosi. Kipande kimoja cha bomba kilikuwa kimebaki stoo. Nikakigeuza nikasoma kibandiko: EN 1856-1 T600 N1 D V2 L50040 G50. Ninyi mnaosaini, naomba mjifunze kusoma mstari huu, maana umebeba habari kuliko ripoti nyingi za makabidhiano. EN 1856-1 ni kiwango cha Ulaya cha mabomba ya moshi ya chuma, na mengi yanayoshushwa bandarini kwetu yana mstari wa aina hii. T600 ni joto linaloruhusiwa, nyuzi 600. D maana yake ni kwa matumizi makavu. Lingekuwa W, lingevumilia maji ya mvuke ndani. V2 ni kipimo cha kuhimili kutu. L50040 ni aina ya chuma cha ndani na unene wake: L50 ni ile inayoitwa 316L, na 040 ni milimita 0.40. G50 maana yake limepimwa likavumilia moto wa masizi, na kitu chochote kinachoungua kikae umbali wa milimita 50 au zaidi.

Imebaki N1. Hiyo inasema bomba ni la moshi unaovutwa, yaani ule unaopanda wenyewe kwa wepesi wake, kama wa jiko la kuni. Jenereta haingoji kuvutwa, inasukuma. Bomba la jenereta linatakiwa liandikwe H1, lililopimwa kwa msukumo wa paskali 5,000. Viunganishi vya N1 vinaruhusiwa kuvuja kidogo, kwa sababu ndani yake kuna mvuto na kinachovuja ni hewa ya nje kuingia. Tia msukumo wa injini humo, kila kiunganishi kinageuka tundu la moshi kutoka. Wodi ya juu walikuwa wakilalamika harufu kila umeme unapokatika, wakaambiwa wafunge madirisha. Na hao waliosikia harufu wana bahati, kwa kuwa kaboni monoksidi iliyomo ndani ya moshi haina harufu wala rangi.

Bomba lilikuwa la gharama, halali, lina kibandiko chake. Ila lilikuwa la jiko.

Kuna wenzetu upande wa pili wa soko wasiofika hata huko. Wanachukua bomba la maji la mabati, lile la GI, wanalifanya ekzosi kwa sababu lipo dukani na ni rahisi kukata. Zinki iliyolipaka huyeyuka kwenye nyuzi 419, na nimeshataja moshi unatoka na nyuzi ngapi. Zinki inaondoka, chuma kinabaki uchi, na moshi wa zinki wenyewe ukivutwa huleta homa. Wengine hupunguza kipenyo, kwa kuwa mita ni mita, na ya milimita 150 ni nafuu kuliko ya 200. Kwa moshi ule ule, ukishuka kutoka 200 hadi 150, ukinzani kwa kila mita huongezeka zaidi ya mara 4. Injini inakohoa, inakula dizeli, inachemka, kisha analaumiwa aliyeiuza mashine.

Sasa jikoni.

Serikali ilipoagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na ilipozindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, wengi wetu tulifurahi. Takwimu inayotajwa na serikali yenyewe ni ya watu takribani 33,000 wanaofariki nchini kila mwaka kwa sababu ya moshi wa kupikia. Sipingi neno hata moja. Lakini shule nyingi ninazofika bado zina majiko banifu ya matofali yenye dohani ya chuma, na zitakuwa nayo kwa muda. Mpishi anayesimama pale saa 10 alfajiri hawezi kungoja 2034.

Dohani hizo hufa mahali pamoja: zinapopita kwenye paa. Fundi hukata bati tundu la duara, anapitisha bomba, anaziba kwa silikoni ya madirisha. Papi, ule ubao unaopigiliwa bati, iliyokuwa pale haikati, anaiacha ipite kando ya bomba, mara nyingi imeligusa kabisa. Silikoni ile inaungua katika wiki za kwanza, mvua inaanza kuingia, na wote wanadhani tatizo ni kuvuja. Tatizo ni ile papi. Mbao inayopashwa joto kila siku kwa miezi hubadilika taratibu, inakuwa nyeusi na nyepesi, na ikishafika hapo huwaka kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Ndiyo maana moto wa paa la jiko hautokei mwezi wa kwanza. Unatokea mwaka wa pili au wa tatu, mkandarasi ameshalipwa, kipindi cha matazamio kimeshapita, na taarifa inaandikwa chanzo hakijulikani au hitilafu ya umeme. Kuna majiko niliyotoa papi juu yake nikaivunja kwa vidole kama biskuti.

Viwango vya Marekani vinataka bomba la ukuta mmoja likae inchi 18 kutoka kwenye mbao, yaani kama sentimita 46. Ndani ya paa letu la papi umbali huo haupatikani bila kukata na kusuka upya fremu ya mbao kuzunguka tundu. Kwa hiyo kinachofaa ni kipande cha kuta mbili chenye pamba ndani, angalau pale linapopita darini na paani, kikiwa na G50 au mfano wake, kwenye kola ya bati yenye nafasi ya hewa. Nafasi hiyo ya milimita 50 isijazwe kitu. Nimekuta imejazwa mifuko ya sementi, magunia, na mara moja majani makavu ya kiota cha ndege, ingawa hilo la ndege simlaumu mtu. Juu ya bati iwekwe fleshingi ya koni na ukosi juu yake, vyote vya chuma, visivyotegemea silikoni.

Bomba lipande angalau sentimita 90 juu ya mahali linapotokea, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, iwe ni mgongo wa paa au tangi la maji. Hapo ndipo linapopata mvuto na upepo haulirudishi moshi chini. Likizidi mita 1.5 juu ya paa, lishikwe kwa fito za kulitegemeza. Mtwara na Tanga upepo wa kusi hauulizi kama bajeti ya fito ilikuwapo. Nimekuta dohani imelala juu ya bati, moshi unarudi jikoni, na kinamama wanaendelea kupika wamejifunga khanga puani, kwa kuwa watoto lazima wale saa 4.

Niseme na hili la mshale. Mabomba haya ya viwandani huja na mshale unaoonyesha moshi uendako. Kwenye jiko la kuni, mvuke ukipoa hugeuka maji meusi ya lami yanayoteremka kwa ndani. Vipande vikifungwa sawa, mdomo wa ndani wa kipande cha juu unaingia ndani ya kilicho chini, na yale maji yanashuka mpaka kwenye tii. Vikifungwa kinyume, kila kiunganishi kinayamwaga nje, yanaloanisha pamba, na pamba iliyoloa haizuii joto tena. Ukiona michirizi ya kahawia imeganda nje ya bomba chini ya kila kiunganishi, usiulize mengine, limefungwa kichwa chini miguu juu. Mkaguzi yeyote anaweza kuiona akiwa amesimama chini, bila ngazi na bila shahada.

Masizi yasipotolewa hushika moto ndani ya bomba, na joto lake hupita nyuzi 1,000. Kiwango cha Marekani cha UL 103 HT hulipitisha bomba kwenye takribani nyuzi 1,150 kwa dakika 10, mara tatu, ili kuona kama litavumilia. Sisi bomba letu la bati la geji nyembamba hatulipimi, tunaliomba tu. Basi angalau lifagiliwe likizo ya Juni na ya Desemba, na ili lifagiliwe lazima liwe na mlango chini. Dohani isiyo na mlango wa kusafishia haitasafishwa na mtu yeyote, hilo mlijue wakati wa kuchora.

Kuhusu hoteli na majiko ya hospitali yenye vikaango vya mafuta sitasema mengi, kwa kuwa wenye hoteli kubwa wana wakaguzi wa bima wanaowabana. Neno moja tu: mfereji wa kiyoyozi si mfereji wa mafuta. Ule wa mabati uliosokotwa na kufungwa kwa skrubu, kwenye jiko la kukaangia unavuja mafuta kila kiungo, na ncha za skrubu ndani hukusanya mafuta kama ndevu. Wa jikoni uwe wa chuma kilichochomelewa mfululizo, unene wa kama milimita 1.4, ulio na mteremko, na mlango wa kusafishia kwenye kila kona. Moto ukiingia humo hauna pa kupita isipokuwa vyumba vya wageni.

Kwa walio pwani, Dar, Tanga, Zanzibar, Lindi: muwe wakali kuhusu aina ya chuma. L20 kwenye kibandiko ni 304, nayo kwenye hewa ya chumvi huanza madoa mapema kuliko L50. Na boliti zake ziwe za chuma cha pua pia. Nimeona bomba la 316L limeshikwa na boliti za kawaida, bomba linang'aa, boliti zimekatika kwa kutu. Nani alipokea kazi hiyo? Yupo aliyesaini.

Narudi kwenye kalamu yenu.

Kwenye BOQ, naomba washauri elekezi waache mstari mmoja wa kufunga kila kitu ndani yake. Bomba lipimwe kwa mita, sawa, na litajwe daraja lake lote kama lilivyo kwenye kibandiko: joto, msukumo, aina ya chuma, umbali wa mbao. Kishikio cha kubeba uzito kihesabiwe kwa idadi. Vishikio vya kuongoza vihesabiwe kwa idadi, na umbali kati yake uwe ule wa mtengenezaji. Belosi, kola ya paa, tii, mlango wa kusafishia, kila kimoja na mstari wake na bei yake. Kitu chenye bei yake mtu hawezi kukiruka bila kuonekana. Mchoro uonyeshe ni wapi bomba limefungwa lisicheze na ni wapi linaachwa liteleze. Alama mbili tofauti zinatosha. Na mzabuni aambatanishe kitabu cha ufungaji cha bomba lenyewe, maana vishikio vya kampuni moja na bomba la nyingine havikupimwa pamoja.

Kwa majengo yanayojengwa kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, ambako fundi huwa ni wa kijijini na kamati ndiyo inayonunua, mhandisi wa halmashauri atengeneze mchoro mmoja wa kuonyesha dohani inavyopita kwenye papi, autume shule zote. Kazi ya siku moja mezani. Fundi wa kijijini si mjinga, hajawahi kuonyeshwa tu.

Ukaguzi nao uwe mara mbili. Wa kwanza kabla dari halijafungwa, kwa kuwa jipsamu ikishapanda hakuna atakayeona papi wala kishikio mpaka siku ya moto. Wa pili bomba likiwa la moto. Makabidhiano mengi ya jenereta niliyohudhuria, mashine iliwashwa dakika chache bila mzigo, ikanguruma, watu wakapiga makofi, ikazimwa, tukaenda kula. Bomba halikuwa limepata joto la kurefuka hata kidogo. Iwashwe ikiwa na mzigo, ikae saa nzima au zaidi, na mtu asimame pale chini atazame belosi, kisha apande juu aone kama bomba limeteleza kwenye vishikio au limeving'ang'ania. Achore alama ya chaki kwenye kila kishikio kabla ya kuwasha, aangalie imehama kiasi gani. Kifaa chenyewe ni chaki. Kwa jiko la kuni, liwashwe kama siku ya kupika wali wa shule nzima, na mkono upite karibu na mbao za paa. Pasipovumilika kwa kiganja, kazi irudi.

Kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kwa OSHA ombi langu ni dogo: fomu ya ukaguzi wa jiko na chumba cha jenereta iwe na nafasi ya kuandika umbali wa bomba kutoka kwenye mbao, na jina la aliyepanda kutazama juu ya dari. Likiandikwa jina, mtu atapanda. Kwa TBS, naomba karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza zile herufi za kwenye kibandiko, ibandikwe kwenye maduka yanayouza mabomba haya, ili mkuu wa shule anayetumwa kununua ajue N1 na H1 si namba za stoo. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kama somo la ufungaji wa mabomba ya moshi limo kwenye kozi za uchomeleaji, halijawafikia vijana ninaowapokea. Wanajua kuchomelea vizuri sana. Habari ya kurefuka kwa chuma wanaisikia kwangu kwa mara ya kwanza, na wakishaisikia huanza kutazama kila bomba mjini na kucheka.

Najua jibu litakuwa fedha. Nimekaa kwenye vikao vya kutosha kulisikia. Lakini fedha hizo zinatumika hata sasa, kwenye mafungu mengine: tabo mpya, belosi mpya kila mwaka, paa la jiko la kuezekwa upya, dizeli inayoteketea kwa bomba jembamba. Kishikio cha kubeba uzito ni bati nene, engo mbili na boliti nne. Karakana yangu inakitengeneza kwa siku moja, na karakana ya mwenzangu yeyote Gerezani au Buguruni inaweza pia.

La mwisho ni la shule zinazohamia kwenye gesi. Msiache dohani ya zamani ikisimama bila mwenyewe. Vishikio vinaendelea kula kutu hata moshi usipopita, na bomba lile liko juu ya mlango watoto wanapopanga foleni ya uji. Litolewe, tundu lifungwe kwa bati, au likabidhiwe rasmi kwa mtu atakayelitazama. Na jiko la gesi nalo linahitaji njia ya hewa na ya kutolea moshi wake, hasa pale mnapoweka mashine ya kuchemshia maji ndani ya chumba kidogo. Nimeshaona mahali ambapo tundu la dohani lilipozibwa, chumba kizima hakikubaki na pa kupumulia.

Nipo tayari kuja na mabomba, vishikio na chaki kwenye halmashauri yoyote itakayokusanya wahandisi na mafundi wake kwa siku moja. Nauli nitajilipia nikiwa ndani ya Dar es Salaam na Pwani. Mkoa wa mbali tutazungumza.

Wasalaam,

Fundi chuma na mabomba ya moshi,
Temeke, Dar es Salaam